Shetani Kwenye Mkate wa Mama Fortunata

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Si nguo za mwilini. Hizo ninazo, mnaziona, zimejaa unga.) Nimeumbuka mbele ya wakwe, mbele ya balozi wa nyumba kumi na mbele ya padri. Kaeni niwasimulie mwenyewe, kabla hamjasimuliwa kesho sokoni na watu ambao hata hawakuwepo.

Mnajua kila Jumamosi nakwenda kwa Roja, yule Mwingereza wa visima vya maji, na mkiniuliza nasema nakwenda kujifunza Kiingereza. Uongo. Nakwenda kucheza.

Roja ana boksi lililotoka kwao. Ndani mna askari wa madini ya risasi, wafupi kama kidole cha mtoto. Lakini si askari tunaowajua sisi. Kuna vibwengo wenye mikuki, mazimwi, joka lenye mabawa, wachawi wenye ndevu za kufika magotini. Mnapanga majeshi mawili mezani, mnapima mwendo wao kwa rula, mnarusha dadu kujua nani kafa na nani kakimbia. Ndiyo mchezo wenyewe. Kijitabu cha kanuni kinataka kila kitu kipimwe kwa inchi. Mimi mchora ramani wa serikali, kazini tumeambiwa inchi tuzisahau, nikapima kwa sentimita. Siku ya kwanza jeshi langu lilitembea kama konokono, vibwengo wa Roja wakalimaliza chai ikiwa bado ya moto!

Nikanogewa.

Sasa mchezo huu una ugonjwa wake: hauishi. Ukishalizoea boksi la kwanza, unaambiwa kuna nyongeza. Nyongeza ya wachawi. Nyongeza ya kuzingira ngome. Na nyongeza ya mashetani, ambayo ndiyo ilininyima raha. Roja aliiagiza kwao kabla hatujapanda mahindi. Mahindi tumeshavuna, kifurushi hakijafika. Nikajiambia, Gwakisa, nchi nzima inahubiriwa kujitegemea. Kwa nini wewe usubiri mashetani ya kutoka ng'ambo?

Nikachota udongo wa kichuguu. Nikafinyanga mashetani yangu mwenyewe, nikayaanika uani nyuma ya matanki ya maji, huko ambako ninyi tunaoishi nyumba moja hamfiki kwa uvivu. Yalitoka mazuri, msinione hivi. Kubwa lao nikaliita Mfalme. Lilikuwa na pembe, mkia, na ulimi uliotoka nje. (Ule ulimi niliuhangaikia jioni nzima kwa sindano.) Kilichobaki ni kuyatia kwenye moto wa wastani ili yakaze.

Na nani ana tanuri zuri hapa Sumbawanga? Mama Fortunata.

Fortunata mnamjua, mwalimu wa shule ya msingi pale Mazwi. Posa nilipeleka, jibu nilikuwa sijapata. Baba yake alimwambia mshenga wangu maneno haya: "Huyo kijana wa Rungwe simjui. Mtu mimi namjulia mezani. Mdogo wake Fortunata anapata komunyo ya kwanza Jumapili, aje ale na sisi nimwone." Yaani leo ilikuwa usaili!

Mtu mwenye akili angekwenda saa sita, amechana nywele, anakula kidogo, anarudi. Mimi nikaenda asubuhi na trei ya mashetani nyuma ya baiskeli.

Yale mawili mazuri zaidi, Mfalme na joka lake, niliyatia kwenye mfuko wa shati yasivunjike na yale makorongo ya barabarani. Mfuko huu huu mnaouona.

Nimefika, watu wa nyumbani bado wako kanisani, Mama yuko peke yake jikoni. Mtoto alipokea komunyo misa ya alfajiri, naye Mama akawahi kurudi kupika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

Nikamwambia nina vinyago vyangu vidogo vya udongo, naomba nivikaushe kwenye tanuri mikate ikishatoka. (Vinyago. Sikusema vya nini. Na trei nilikuwa nimeifunika gazeti.) Mama akasema, weka tu, mwanangu, moto si wa kununua. Halafu akainamia beseni la unga, ngano ya shambani kwao, akaanza kukanda huku anashika kiuno.

Hapo nikaingiwa na kiherehere. Nikaona nafasi. Nikasema, "Mama, pumzika. Lete nikande mimi."

"Wewe? Mwanamume?"

"Mama, siku hizi kazi haina mwanamume wala mwanamke."

Alicheka hadi akakaa. Nikakunja mikono ya shati, nikauvamia ule unga. Nilikanda, jamani! Nikainama, nikainuka, nikausukuma kwa ngumi, jasho likanitoka. Mama anasifu: "Ee, huyu kalelewa!" Kadiri anavyosifu ndivyo ninavyoinama. Unga ukaumuka, Mama akakata, akaviringa, akaingiza tanurini. Mikate ikatoka na rangi ya asali. Ndipo nikaingiza trei yangu.

Nikatia mkono mfukoni niongeze yale mawili. Joka lipo. Mfalme hayupo.

Nikajua tu, kaanguka barabarani. Nikatoka mbio kurudi njia niliyojia. Nikawa napiga magoti katikati ya barabara, napapasa mavumbi, na shati langu jeupe la Jumapili. Mara naona viatu viwili mbele yangu. Nainua kichwa: Mzee Deusi, balozi wa nyumba kumi, anakwenda huko huko kwenye sherehe.

"Ndugu, umepoteza nini?"

Sikufikiri. "Mfalme, Mzee."

Akanitazama. Akatazama kulia na kushoto. Akasema polepole, kama anayezungumza na mgonjwa, "Nchi hii haina wafalme, ndugu. Simama, twende tukale."

Nikasimama, tukaenda. Nikajipa moyo kwamba kapondwa na gurudumu, basi, nitafinyanga mwingine.

Mezani tulijaa. Baba Fortunata kichwani pa meza, mzee mrefu, mkimya, anayetafuna huku anakutazama. Kulia kwake Padri Kosmasi, Mfipa mwenzao wa Mwimbi, mvi tupu. Mzee Deusi. Bibi mmoja jirani. Mtoto wa komunyo na gauni lake jeupe. Fortunata mbele yangu, ananikonyeza nikae wima. Kuku, wali, maharage, chai, na mikate ya Mama imekatwa vipande vinene kwenye sinia. Nikala kwa adabu. Baba akaniuliza habari za kazi, nikajibu. Akaniuliza habari za wazazi, nikajibu. Naona kabisa mtihani napita!

Mama akasimama, uso unang'aa. Akasema, "Wageni wangu, karibuni mkate. Na leo mjue, unga huu hakuukanda mwingine. Kaukanda Gwakisa mwenyewe, kwa mikono yake. Mngemwona alivyoinama!"

Watu wakapiga makofi.

Alivyoinama.

 Nikajiona upya pale jikoni, nainama, nainuka, mfuko uko wazi juu ya beseni kama ndoo juu ya kisima. Mfalme hakuangukia barabarani. Mfalme alikuwa kwenye sinia.

Ningefanya nini? Nikaamua kuula ule mkate wote.

Nikachukua vipande viwili. Nikavibonyeza kwa vidole chini ya meza, vitupu. Nikala. Nikachukua vingine viwili. Vitupu. Nikala. Bibi jirani akinyoosha mkono, nami nanyoosha wangu haraka, nambonyezea kipande kabla sijampa, "Karibu, Bibi, hiki laini." Fortunata ananikanyaga mguu chini ya meza. Mimi natafuna tu, mashavu yamevimba.

Baba Fortunata akaweka kikombe chini. "Kijana, kwenu Rungwe mkate haupo?"

"Upo, Baba," nikasema mdomo umejaa. "Lakini si kama huu."

Mama kwa furaha akaenda akaleta sinia la pili. La pili!

Na kutoka sinia lile la pili, kabla sijalifikia, Padri Kosmasi akajichukulia kipande cha pembeni. Akakichovya kwenye chai. Akauma.

Ko!

Meza nzima ikasikia. Padri akafumba macho, akagusa jino lake kwa ulimi, kisha akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa kitu taratibu. Akakipangusa kwa kitambaa. Akakiweka katikati ya meza.

Pembe. Mkia. Ulimi nje. Kakauka vizuri kuliko wenzake wote, nisiseme uongo.

 Bibi jirani akafanya ishara ya msalaba. Mzee Deusi akasukuma kiti nyuma, akasimama kama yuko mkutanoni: "Kitu hiki kimeingiaje kwenye chakula?"

Na mnaujua mji huu. Jina lake lenyewe linawaambia watu watupe uchawi. Kitu kama kile kikikutwa ndani ya mkate, mkate wenyewe wa sherehe ya komunyo, haulizwi mfinyanzi. Anaulizwa mpishi. Nikamwona yule Bibi anasogeza kiti chake, kidogo tu, mbali na Mama Fortunata. Nikamwona Mama ameshika sinia kwa mikono miwili, anakitazama kiti kile. Mwanamke aliyeniita mwanangu asubuhi ile!

Nikasimama. Nikameza lile tonge la mkate, likapita kwa shida.

"Samahanini, wazee wangu," nikasema. "Huyo shetani ni wangu."



"Alidondoka mfukoni nilipokuwa nakanda. Mama hajui lolote. Nimemfinyanga mwenyewe." Halafu, kwa sababu Mungu hakuniumba na breki, nikaongeza, "Wenzake wako tanurini."

"Wenzake!" Mzee Deusi akashika kichwa.

Nikaenda kuleta trei. Nikaiweka mezani, nikaeleza: boksi la Roja, majeshi, rula, dadu, nyongeza. Nilieleza kwa kirefu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Nilipofika kwenye kanuni ya joka kutema moto, Baba Fortunata akainua mkono ninyamaze.

"Kijana. Wewe ni mfanyakazi wa serikali?"

"Ndiyo, Baba."

"Unataka kuoa?"

"Ndiyo, Baba."

"Na Jumamosi unacheza na udongo."

"... Ndiyo, Baba."

Akageuka kumtazama binti yake. "Fortunata, ndiye huyu uliyesema ni mtulivu?"

Sasa hapa kuna jambo sikuwaambia. Kule kwa Roja hatuchezi wawili. Fortunata huja kumfundisha mke wa Roja Kiswahili, na somo likiisha huvuta kiti. Alinikataza nisimwambie mtu yeyote, mwalimu atachekwa na wazazi wa wanafunzi. Nilikuwa tayari kufa nayo siri ile leo, haki ya Mungu. Nikamtazama, nikamtikisia kichwa: usiseme kitu.

Akasimama.

"Baba," akasema, "mashetani ni yake. Mazimwi ni yangu. Na Jumamosi iliyopita nilimpiga."

Baba Fortunata akasema neno la Kifipa ambalo sikulielewa, wala sikuomba nitafsiriwe. Kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Kumbe wako wawili."

Padri Kosmasi alikuwa muda wote huo amemshika Mfalme kwenye kiganja, anamgeuza-geuza. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa naona upande mmoja tu. Malaika wako wapi?"

"Sijawafinyanga bado, Baba Padri."

"Ndiyo maana huyu kanikuta peke yangu," akasema, akasugua shavu. Halafu akamgeukia mwenye nyumba. "Mzee, mimi naona uwajibu posa yao. Waoane upesi, wasije wakaharibu nyumba mbili."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Aliweka sinia chini kabisa, akakaa sakafuni, akacheka hadi machozi. Bibi akafuata, na kiti akakirudisha. Baba hakucheka. Alikunywa chai yake yote, akapangusa mdomo, akasema mshenga wangu aje Alhamisi, na aje bila mkate.

Kwa hiyo naoa, jamani. Funzo nililopata ni hili: ukienda kukanda unga kwa wakwe, vaa shati lisilo na mfuko. Na wewe hapo kwenye kona unayejiziba mdomo na mto, nakuona mabega yanavyotikisika. Kamalizie kucheka nje.