Kanisa Lichague Kifo Kimoja cha Yuda

Kwa Mchungaji Boadu,
Kanisani kwetu, Mampong.

Bwana asifiwe, Mchungaji. Kwa unyenyekevu, mimi Mzee Amponsem, mwalimu wako wa darasa la Biblia, namshtaki kwako mke wangu Birago. Amelielewa somo langu kupita kiasi.

Jumapili ile aliuliza darasani Yuda alikufaje: Mathayo anasema alijinyonga, Matendo inasema alianguka akapasuka tumbo. Nikajibu kama ulivyotufundisha: alijinyonga, kamba ikakatika, akaanguka. Maandiko hayapingani, msomaji ndiye hajaelewa. Watu wakapiga makofi, nawe ulipiga. Tangu siku hiyo nyumba yangu haikaliki.

1. Alisema fufu ametwanga. Nikafunua chungu, kitupu. Akaniambia nisisome juujuu: alitwanga, akala, ikaisha.

2. Alisema hataigusa nguo yangu mpya ya msibani. Akaivaa. Eti neno lile la kwanza lilikuwa Agano la Kale.

3. Hili ndilo linaloniua. Mama yake, hapo ng'ambo ya soko, anaumwa, akataka twende. Nikamkumbusha kwamba yule mama aliniita bahili mbele za watu, nikaapa sitakanyaga kwake tena, na kitabu cha Hesabu kinakataza mtu kutangua kiapo. Akauliza, "Na waheshimu baba na mama, je?" Nikasema yote mawili yanasimama. Akafunga mzigo wake. Akamwambia dada yangu atarudi Jumamosi. Akamwambia jirani harudi ng'o. Nikampigia Birago simu kuuliza lipi la kweli.

"Yote mawili, Baba Yaa. Ukiona yanapingana, tatizo ni lako."

Mchungaji, nampenda huyu mwanamke, na jikoni kumepoa. Nakuomba utangaze kifo kimoja tu, kamba au kuanguka, mimi sichagui. Yuda akifa mara moja, Birago naye atakuwa na neno moja.

Nisalimie Mama Mchungaji, wanakwaya wote, na yule shemasi mwenye goti bovu.

Wako katika Neno lisilopingana,
Mzee Kwadwo Amponsem

Tanbihi: Usitangaze kitu. Leo Jumamosi amerudi, kuchukua kinu chake, na kukaa hakai mpaka mama apone. Yote mawili kweli tupu! Nami nakwenda naye. Kiapo changu ni kizima: niliapa kutokanyaga, na nimekaa juu ya mkokoteni, nimekumbatia kinu, miguu juu. Samahani kwa mwandiko. Birago ndiye anayesukuma, na anacheka mno, hatuendi sawa.