Kuzimwa kwa Kipaza Sauti cha Kijiji cha Gamnae

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Naomba radhi kwa kukusumbua wakati huu wa mavuno. Mimi ni Pyo Sol-ah. Nimesoma chuo kikuu mjini Gwangju, na sasa naishi na bibi yangu kijijini Gamnae. Siongei sana, ndiyo maana naandika.

Wiki iliyopita ofisi yako ilimwamuru mwenyekiti wetu, Mzee Ma Pan-seok, azime kipaza sauti kilicho juu ya ukumbi wa kijiji, kwa kuwa ilipokea barua kutoka maghorofa mapya, yale yaliyoota kwenye mashamba ya mpunga, ikilalamikia kelele za alfajiri. Naomba kiwashwe. Hoja zangu ni hizi:

1. Zile si kelele, ni mahudhurio. Mzee Ma hukohoa kwanza, kisha husema: "Haya jamani, amkeni, mbolea imefika! Mama wa Beolgyo, mbona taa yako haijawaka? Umekufa au umenuna?" Huyo ni bibi yangu, huku wanawake huitwa kwa mahali walikozaliwa. Naye hufungua dirisha na kujibu, "Tangulia wewe!" Hapo kijiji kizima hujua yu hai. Wazee wengi hapa wanaishi peke yao, na tangu mlipozima hakuna anayeulizwa kama amekufa, kijiji kizima kikasikia jibu.

2. Mzee Ma ameshauriwa atume ujumbe wa simu. Wazee wetu huzifunga simu zao kwenye kitambaa na kuziweka kabatini zisichafuke. Kwa hiyo sasa Mzee Ma hupita mlango kwa mlango akiita, na mbwa wote nyuma yake. Kelele za dakika mbili zimekuwa za asubuhi nzima.

3. Utii wetu umezaa tamaa. Mlango wa ukumbi umebandikwa tangazo kutoka maghorofani la kutuomba tupunguze harufu ya samadi, na jingine kuhusu kelele za vyura. Kuhusu vyura tuliitisha mkutano, vyura wenyewe hawakuhudhuria. Kuhusu samadi, nimelichunguza bango la kuuzia maghorofa. Lina ng'ombe, tena anatabasamu. Naomba ng'ombe afutwe, au wanunuzi wampokee mzima, mbele na nyuma.

4. Nilipanda lifti yao kufanya uchunguzi. Kuna mwanamke asiyeonekana anayetangaza "Mlango unafunguka" mchana na usiku, wala hakuna aliyemshtaki. Basi tatizo si kutangaziwa, ni kutomzoea mtangazaji. Napendekeza wabadilishane: mama wa lifti aje atuamshe sisi, na Mzee Ma awatangazie milango yao. "Mlango huo! Wewe mwenye koti jekundu, umekula?" Siku atakayonyamaza, watamtafuta.

5. Ikishindikana, maghorofa yasogezwe nyuma kidogo, mashamba mawili tu, kuelekea mlimani. Waliohamisha kilima kizima ili wayajenge hawatashindwa na hilo.

Siwachukii wageni wetu. Watu wanahitaji nyumba, na shule yetu iliyokuwa inakaribia kufungwa sasa ina watoto wa kutosha kupigana. Ninachoogopa ni Bibi kuamka asubuhi asisikie jina lake kinywani mwa mtu yeyote isipokuwa mimi, ambaye hunong'ona.

Wasalimie makarani wote, mlinzi wa getini, na mama yako mzazi. Tumesikia goti lake linaendelea vizuri.

Wako kwa heshima na kwa subira,
Pyo Sol-ah

Nyongeza: Nimemsomea Bibi barua hii. Amesema: "Wewe msomi, nani kakutuma? Mlalamikaji ni mimi! Nilimwomba yule binti wa maghorofani, Da-rae, aniandikie. Huyo Pan-seok katangaza kwamba meno yangu ya bandia yameokotwa ukumbini. Zamani tulikuwa sisi kwa sisi, vibogoyo watupu, nani angemcheka nani? Sasa maghorofa yote yamesikia!" Kwa hiyo naziondoa hoja zote, hasa ya tano, maana Bibi hataki Da-rae asogezwe hata hatua moja. Kipaza sauti kinaweza kuwashwa kesho, ila kwanza Mzee Ma amwombe Bibi radhi. Aombe kwa kipaza sauti, anasema, na akielekeze maghorofani.