Kanuni ya Kushika Ulimi Pitdrennie

Baraza la Mji wa Pitdrennie linayo furaha isiyo kifani kuwatangazia wananchi wote kwamba suala la vitisho sasa limepatiwa ufumbuzi wa kudumu.

Tangazo lilibandikwa kila kona, hata kwenye mlango wa choo cha soko. Meya Walter Dalgarno alilitunga mwenyewe. Alilisoma kwa sauti ofisini akiwa peke yake, akajipigia makofi.

Sababu ilikuwa nzito. Meya alikuwa amenunua gari jipya, na mahali pekee palipolingana na hadhi yake kuliegesha ni chini ya ile nguzo ya mawe iliyo katikati ya soko. Bahati mbaya hapo palikuwa na meza ya Effie Gourlay, muuza pai za nyama ya kondoo, kama palivyokuwa na meza ya mama yake, na ya bibi yake kabla ya hapo. Effie hana kazi nyingine. Ukiondoa meza, umemfungia jiko. Lakini na gari nalo lilikuwa linanyeshewa, jamani! Kiongozi afanye nini?

Meya alimwendea mwenyewe, kwa unyenyekevu, mkufu wa cheo ukimning'inia kifuani.

"Effie, nakupa mpaka Jumamosi. Saa sita mchana ikiikuta meza hii hapa, naing'oa kwa mikono yangu hii miwili."

"Thubutu!" Effie hakuacha hata kufunga pai ya mteja, akimwita kwa jina la utotoni. "Wewe Wattie, wewe wa kulia kamasi shuleni ukinyang'anywa kiazi? Iguse uone. Nitakuumbua mbele ya mji mzima, na ukimaliza kuumbuka utanunua pai yangu."

Watu walicheka. Meya akarudi ofisini masikio yamemwiva, akamwita Bwana Purdie, Afisa wa Maneno na Kauli za Umma, mtu mwembamba ambaye hakuna aliyejua analipwa kwa kazi gani.

"Purdie, yule mwanamke kanitishia. Tuna sheria gani?"

"Ya leo hatuna, Mheshimiwa. Ya kale ipo. Mababu zetu hapa Skotlandi walikuwa na neno lao, bost. Kumbosti mtu ni kumtisha usoni: nitakufanya hivi na hivi. Siku hizi limebaki majigambo matupu."

"Limefikaje huko?"

"Watu walitisha wasitende, Mheshimiwa. Waliotishwa wakangoja, wakachoka. Mwisho wakaona ni domo tu."

Meya alitikisa kichwa kwa huzuni. Aliwaonea aibu watu wa namna hiyo.

"Na adhabu yake?"

"Ukitisha usitimize, unasimama kwenye nguzo siku ya soko. Unashika ulimi wako kwa vidole, unauambia: 'Ulimi, ulisema uongo.' Ukitimiza, unakwenda zako. Hukusema uongo."

Loo! Meya nusura ambusu. Usiku wa manane haujafika, Baraza lilikuwa limeshapitisha Kanuni ya Urejeshaji wa Adhabu ya Bost, bila mtu hata mmoja kupinga, kwa kuwa chai ilikuwa inapoa. Meya alitia saini kwa mbwembwe.

"Na kanuni hii haifutwi ng'o, maadamu mimi ni Meya!"

Makofi.

Jumamosi mvua ilinyesha ile nyembamba ya kwetu isiyojua kuacha, na bado mji mzima ulijaa sokoni. Effie hajawahi kuuza pai kama siku hiyo. Baraza lilikuwa limemletea wateja bure. Kabla saa ya mnara haijagonga sita, Meya alipanda ngazi ya nguzo.

"Mshitakiwa alidai ataniumbua. Je, nimeumbuka? Tazameni! Shika ulimi, Effie."

"Sita bado," Effie akasema, akipangusa mikono kwenye aproni. "Na kwanza, Wattie, meza yangu mbona ipo? Si ulisema unaing'oa kwa mikono yako?"

Meya akamgeukia Purdie, na Purdie akakohoa.

"Kwa mujibu wa kanuni uliyotia saini, Mheshimiwa, hiyo nayo ni bost."

"Ng'oa basi!" akapaza sauti mtu wa samaki, muuzaji wa meza ya pili. "Tumeshalowa kwa ajili yako!"

Meya akavua koti. Meza ile ni ya mwaloni, na bibi yake Effie aliitia miguu ndani ya mawe kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, maana mameya hawakuanza leo. Meya alivuta. Akasukuma. Akaikumbatia, akaibembeleza, akaitukana. Kitu kikalia kriiik, watu wakashangilia, kumbe ni mgongo wake. Saa ikagonga.

Alishika ulimi.

"Uimi, uisea uogo."

"Hatujasikia huku nyuma!"

Akarudia. Mtoto wa mtu akaomba arudie tena, naye akarudia, mvua ikimwingia mdomoni.

Purdie akatangaza kwamba Meya ameumbuka kihalali. Kwa hiyo Bi Gourlay ametimiza neno lake, hana kosa. Effie akasogeza pai. Meya, ulimi ukimuuma, akalipa.

"Haya," akasema mtu wa samaki, "na lile daraja uliloahidi?"

"Na bwawa la kuogelea!"

"Na hao ndege, shakwe! Ulisema utawafukuza shakwe wote pwani!"

Jumatatu Meya aliagiza kanuni ifutwe mara moja. Purdie akamkumbusha, kwa heshima zote, kwamba aliapa haifutwi ng'o akiwa Meya. Akiifuta, itabidi kwanza akakishikie ulimi kiapo hicho. La sivyo, ajiuzulu. Meya akaiacha.

Kwa hiyo mahali pale kando ya meza ya Effie pametengwa rasmi kwa viongozi, kama Meya alivyotaka tangu mwanzo. Kila Jumamosi madiwani nao, kwa ahadi zao, hupanga foleni kwa vyeo, ndimi mkononi, na Effie ameongeza jiko la pili. Meya ndiye wa mbele. Wiki iliyopita alimaliza kulishikia ulimi lile daraja. Shakwe bado.