Kiti Kimoja cha Kutorokea

Jumatatu, 4 Machi
Jioni hii, kazini, nimetazama tamthilia ya gereza la sayari ya mbali pamoja na fundi nguo, rafiki yangu wa miaka kumi na tano. Chumba chetu ni kimoja: yeye na cherehani yake, mimi na saa mbovu za wateja wangu. Wafungwa ni wawili, rubani na kiumbe aitwaye Macho Matatu. Chombo cha kutorokea kina kiti kimoja. Macho Matatu akamsukumia rubani ndani, akabaki kifungoni! Nikalia. Nikasema huo ndio urafiki. Fundi nguo akakata uzi kwa meno, akasema Macho Matatu alichoshwa na malalamiko ya rubani, akaona heri jela apumzike. Kinyozi wa jirani, mwenye televisheni, akacheka mpaka akashika ukuta.
Malalamiko? Alikuwa anamsema nani?

Jumanne, 5 Machi
Mke wangu anasema ni tamthilia tu, nile chakula kinapoa. Haelewi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na miaka kumi na tano sijapata dhiki ya maana. Basi itafutwe! Alhamisi saa moja jioni ni sehemu ya mwisho. Kabla ya hapo nitajifanya nimekwama stoo ya kazini. Tuone atachagua nini: mimi au televisheni.

Jumatano, 6 Machi
Nimefunga kitasa kipya stoo. Nimefanya mazoezi ya kupiga kelele nyumbani. Mke wangu akauliza ni jino lipi.

Alhamisi, 7 Machi
Naandika nikiwa stoo. Nilijifungia saa kumi na moja. Ufunguo ukakatikia ndani! Kelele za kweli hazifanani kabisa na za mazoezi. Fundi nguo akaja mbio, akauliza avunje mlango. Nikamwambia asithubutu, mlango bado mpya. Akampigia simu fundi vitasa. Yuko mbali, atafika saa mbili.
Akavuta stuli, akakaa nje ya mlango. Anashona vifungo kwa mkono. Chai amenipitishia chini ya mlango, kwa mrija. Saa moja kinyozi akamwita, tamthilia inaanza. Nikamwambia aende. Akasema atakwenda nikitoka.
Nimelia tena. Kimya kimya, asije akajisifu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimefikiri upya. Hakuvunja mlango! Rafiki wa kweli hasubiri ruhusa. Chai nayo sukari haikutosha. Halafu, mtu mwenye dhamiri safi angekwenda kutazama. Kwa nini alibaki? Kuna jambo analificha. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zangu zote kashona yeye.
Kinyozi ametusimulia mwisho. Rubani aligeuza chombo, akarudi gerezani kumfuata Macho Matatu, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba kile kiti kimemuumiza mgongo. Fundi nguo akacheka huku akinitazama. Sikuona cha kuchekesha. Stoo ile ina sakafu ngumu mno, na nimeshamwambia mara tisa.
Jaribio halikuwa la haki. Jumatatu narudia, kwa kitasa imara zaidi. Nimemwomba fundi nguo anishonee mto. Hakuuliza wa nini. Kashona miwili. Nikamuuliza wa pili wa nani, akasema ile stuli nayo ni ngumu.
Sijui ana maana gani. Lakini namchunguza.