Population ya Nyumba Yetu

Jumatatu, 4 Agosti
Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Asali wangu kanibusu kwenye paji la uso, kisha kanimaliza: Jumatatu ijayo anakwenda wilaya ya mbali kuhesabu watu. Wiki mbili! Nimelia mpaka chai ikapoa. Ila zimebaki nafasi mbili za makarani, usaili Alhamisi, kwa Kiingereza. Naomba! Tutahesabu watu tumeshikana mikono. Silaha yangu ni neno moja zito: population, yaani idadi ya watu.

Jumanne, 5 Agosti
Mazoezi kutwa. Population ya sebule: wawili. Population ya vikombe: sita. Wifi, dada yake Asali, amekuja kuchukua pasi, akacheka hadi akakaa chini. Eti neno hilo ni la watu wa mji, wa nchi, wafungwa, hata samaki wa ziwani. Vikombe havimo, wala wawili sebuleni. Nikasema ana kijicho. "Haya bibi harusi, baki na vikombe vyako." Kumbe naye anaomba kazi hiyohiyo! Nimemjua.

Jumatano, 6 Agosti
Nimemwambia Asali kwamba population ya moyo wangu ni mmoja. Machozi yakamlengalenga! Alikuwa anamenya vitunguu, lakini mimi najua.

Alhamisi, 7 Agosti
Msimamizi, mama mwenye miwani puani, akauliza nyumbani tuko wangapi. Nikajibu kwa sauti ya redio: population ya nyumba yetu ni wawili. Akauliza kama nyumba hiyo ina meya. Mwingereza, akasema, angejibu tu kwamba tuko wawili. Ardhi inimeze! Kisha akaona mwandiko wangu kwenye fomu. Mzuri kama wa kuchapwa. Nimepata! Wifi pia.

Ijumaa, 8 Agosti
Orodha imebandikwa. Asali: mbali. Mimi: mtaa wetu huuhuu, na wifi! Mume na mke hawapangwi kundi moja. Asali alijua tangu mwanzo, ila hakuwa na moyo wa kunikatisha hamu. Nimemlowesha shati zima.

Jumatatu, 11 Agosti
Ameondoka alfajiri. Nimemtumia ujumbe: population ya kitanda chetu ni mmoja. Wifi kausoma akichungulia begani mwangu, kaguna, kisha kanishika mkono tukaenda kazini. Mlango wa kwanza, babu kinyozi. Nikamuuliza population yake ikoje. Akajibu ni nzima kabisa, mwanangu, isipokuwa magoti. Wifi akajifunika uso kwa fomu.

Neno linafanya kazi!