Punda Diwani na Mbinu ya Asubuhi Moja

Jumatano, 1 Machi 1995

Mama alipanda jana. Alichimba kipande chake nyuma ya nyumba, akatia mbegu, akanawa mikono, kisha akaniangalia.

Katika boma letu hapa Rangwe mama hupanda kwanza, halafu mimi kifungua mimba, halafu ndugu yangu Levis. Mpaka mahindi yangu yaingie ardhini, Levis na mkewe Damaris hawawezi kutia hata punje moja kwao. Ndiyo mila. Mimi ni mtu wa mila, hasa zile zinazonitaja mapema.

Jioni Levis alikuja. Akasema ng'ombe wake wawili wa kulima wamenona, kesho angependa anilimie mimi kwanza ili naye apate kupanda, kwa sababu mvua iko karibu. Nikamshukuru sana. Nikakataa. Kifungua mimba alimiwe na kitinda mimba! Watu wangenicheka mpaka mavuno. Nikamwambia nina mpango wangu.

Sikuwa nao. Sasa ninao. Punda.

Alhamisi, 2 Machi

Nimepata punda! Nilishuka Suna asubuhi, nikampata Maroa, Mkuria mwenye punda wengi na maneno machache. Akanitolea dume la kijivu lenye masikio ya heshima. Akaniambia ukweli wote bila kuulizwa: punda huyu amezoea kubeba maji, hajawahi kuvuta kitu. Nianze kumvutisha gogo jepesi, kidogo kila siku, nitembee naye, nimzoeshe sauti ya mnyororo. Mvua ya mwakani atalima vizuri.

Mwakani! Nilimwelewa mara moja. Wakuria wana njia ya mkato na hawataki Mjaluo aijue.

Pikapu iliyotubeba ilisimama Awendo kupisha malori ya miwa, na hapo ndipo bahati yangu ilipokuwa ikiningoja. Mtu anaitwa Cephas, kofia ya ngozi, miwani ya jua. Alimtazama punda wangu akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema yeye hutuliza farasi, punda na nyumbu kwa Mbinu ya Asubuhi Moja. Alinionyesha picha ya farasi wa mzungu fulani huko Kericho, ameinamisha kichwa mpaka chini. Hivyo ndivyo mnyama anavyotulia, akasema.

Mbinu yote pamoja na chupa ya mafuta: nilimwachia redio.

Ijumaa, 3 Machi

Priscilla, mke wangu, aliuliza redio iko wapi. Nikamwambia iko kazini. Akauliza kazi gani. Nikatoka nje kumwangalia punda.

Kila mtu alikuja kumwona. Nilimwonyesha Levis picha ya farasi, maana Cephas alinipa nakala. Levis aliitazama akasema farasi huyu anakula nyasi. Wivu huo. Damaris alimzunguka punda mara moja akasema anakula, anasimama, na hasikilizi mtu, tumwite Diwani. Jina limeshika. Hata Mama anamwita Diwani.

Asubuhi hii nilipaka mafuta ya Cephas puani, kama nilivyoelekezwa. Yananuka karafuu na mafuta ya taa. Diwani alipiga chafya usoni pangu. Kisha Priscilla akamfunga mitungi, akatangulia mbele yake kwenda mtoni, na punda akamfuata polepole mpaka huko na kurudi, bila fimbo, bila kelele. Mafuta yanafanya kazi! Nilimwambia Priscilla hivyo. Akanitazama kama anayetafuta redio usoni pangu.

Jumamosi, 4 Machi

Sabato. Hakuna kazi. Kanisani mhubiri alisema juu ya subira, na naona alikuwa akimwangalia Levis.

Diwani alisimama kutwa nzima chini ya mti bila kusogea. Mama akasema katika boma hili Diwani ndiye Msabato wa kweli, maana tangu aje hajafanya kazi ila ya Priscilla.

Jumapili, 5 Machi

Siku ya Hatua ya Pili. Cephas alieleza: mfukuze mnyama kwenye duara, mzunguko baada ya mzunguko, umtazame machoni. Atakapoinamisha kichwa na kuanza kutafunatafuna mdomo mtupu, jua amekukubali kuwa baba yake. Hapo unaweza kumfunga chochote.

Nilifunga kamba kwenye vijiti, nikapata uwanja wa duara. Nikaanza kumfukuza. Diwani akatembea hatua chache, akasimama katikati. Kwa hiyo mimi ndiye niliyezunguka. Jua lilikuwa kali. Nilizunguka mpaka pumzi ikakata, nikainama na mikono magotini, koo limekauka, nikawa nameza mate yasiyokuwepo.

Levis alikuwa ameegemea ua. Akaniambia taratibu: "Omera, ndugu yangu, umeinamisha kichwa na unatafuna. Nadhani Diwani amekuwa baba yako."

Damaris alicheka mpaka akaketi chini. Hata Priscilla. Nami nilicheka kidogo, nisionekane mtu wa chuki. Lakini naandika hapa kwamba kabla sijatoka uwanjani Diwani alitafuna. Nilimwona kwa macho yangu. Huenda ilikuwa nyasi, huenda ilikuwa mimi.

Jumatatu, 6 Machi

Mvua ilinyesha! Ile ya kwanza, nzito, yenye harufu nzuri. Watu wa maboma yote ya jirani wametoka na ng'ombe. Kwetu kimya.

Damaris alikuja na mbegu zake kwenye ungo, akaketi mlangoni kwetu. Hakusema jambo baya. Alisema tu, "Baba Liz, shikamoo," akaendelea kuchagua mbegu ambazo zilishachaguliwa. Kisha akaeleza, kwa upole ulionichoma, kwamba mwaka jana walichelewa na mahindi yao yalikauka yakiwa na urefu wa magoti, na kwamba watoto walimaliza shule kwa uji wa kuazima. Hataki mwaka huo urudi. Akasema mkono mmoja wa mbegu unatosha. Nichimbe shimo moja kwa jembe, nitie punje, nao watakuwa huru.

Ni kweli, inatosha. Mama alisema hivyo hivyo jana. Lakini nimeshawaambia watu wote wa barabara ya Homa Bay kwamba nitalima kwa punda. Nikichimba shimo moja kama panya nitapita wapi?

Nilimwahidi: kabla ya Sabato nitakuwa nimepanda. Alinishukuru. Nilijisikia vibaya kidogo, nikala viazi.

Jumanne, 7 Machi

Hatua ya Tatu: kitambaa usoni. Lazima kiwe kimevaliwa na mwenye punda ili ajue harufu yake. Nilitumia shati langu la kanisani kwa sababu mengine yalikuwa yanafuliwa.

Diwani alitulia ajabu. Alitulia kabisa. Nikamfunga plau, nikashika mpini, nikamwambia twende. Alizidi kutulia. Nikamsukuma nyuma. Nikamvuta mbele. Nikamwimbia. Hatimaye alisogea, kurudi nyuma, akanikanyaga, akaketi juu ya mnyororo. Shati sasa lina tundu alipolitafuna pembeni. Kwa hiyo ametafuna tena! Mbinu inaendelea vizuri.

Levis alikuja na gogo jepesi, akasema angemfunga Diwani hilo badala ya plau, avute mpaka mtoni na kurudi, na kesho tena, na kesho kutwa. Nikamwambia hiyo ni njia ya Maroa. Akasema ndiyo, na Maroa ana punda. Nikamwambia plau yake ina kutu.

Alhamisi, 9 Machi

Mvua tena jana na leo. Kwa jirani mahindi yameshaingia ardhini. Mama aliniita wuoda, mwanangu, jina analoliweka kwa ajili ya magonjwa na makosa. Akasema marehemu baba yangu alipanda kwa jembe miaka yote na hakuna aliyemcheka. Akasema Levis hawezi kunipita, hatanipita, atakaa na njaa yake lakini hatavunja nyumba yetu. Kwa hiyo nisimkalie juu ya heshima yake.

Niliumia kwa kweli. Nikaenda kukaa na Diwani. Ana macho mazuri, ukimkaribia bila mafuta.

Nimeamua. Kesho asubuhi mapema, mafuta mara mbili, duara, kitambaa, plau. Vyote kwa pamoja. Cephas alisema mtu akichanganya hatua zote mnyama hatulii tu, huanza kuelewa.

Ijumaa, 10 Machi

Ushindi! Niandike polepole.

Boma zima lilitoka kunitazama, na majirani. Nilimpaka Diwani mafuta. Akapiga chafya. Nikamzungusha kwenye duara, yaani nikamzunguka. Nikamfunika kitambaa usoni. Nikamfunga plau. Gunia la mbegu nililining'iniza mgongoni mwake ili Priscilla asipate taabu ya kubeba, maana nilimwambia apumzike, leo ni kazi ya wanaume. Priscilla akasema basi ataenda mtoni. Akachukua mitungi mitupu, akaifunga pamoja, akaondoka ikigongana. Nikamvua Diwani kitambaa.

Masikio yakasimama. Akageuza kichwa upande wa mitungi. Akaanza kutembea.

Hakukimbia. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu Levis anasimulia vingine. Alitembea kwa utulivu mkubwa, kama anavyotembea kila asubuhi, akimfuata Priscilla. Mimi nikiwa nimeshika mpini wa plau kwa mikono yote miwili. Tatizo ni kwamba shamba langu liko kulia na mto uko kushoto. Tulipita langoni. Tulipita juu ya nguo za Mama. Tukaingia shamba la Levis, alilokwisha kulilima na kulisawazisha likawa laini kama uji, na plau ikazama vizuri, na udongo ukafunguka pande zote mbili. Nilipiga kelele asimame. Nilipiga kelele Priscilla asimame. Priscilla alidhani namhimiza, akaongeza mwendo.

Na gunia lilikuwa na tundu. Diwani alikuwa amelitafuna.

Mbegu zangu zikadondoka kwenye mtaro, punje baada ya punje, nafasi nzuri kuliko mkono wa mtu. Nyuma yangu akaja Damaris. Anasema hakufikiria kitu. Amefuata plau tangu alipokuwa msichana, na mbegu ikianguka mbele yake mguu hufukia wenyewe. Akafukia. Mstari mzima, kutoka lango mpaka ukingo wa mto, ambapo Diwani alisimama, akanywa maji, nami nikaketi humo majini.

Kisha kila mtu akamtazama Mama.

Mama alitembea mstari wote, mkongojo mkononi. Akauliza mbegu ni za nani. Nikasema zangu. Akauliza nani alishika plau. Nikasema mimi. Akauliza kama zimefukiwa. Damaris akaangalia miguu yake, akasema ndiyo. Mama akasema basi, Elkanah amepanda. Wengine wapande.

Levis hakungoja hata nikamue suruali. Aliwafunga ng'ombe wake papo hapo, na jua lilipozama Sabato ikiingia, wao walikuwa wamemaliza zaidi ya nusu. Damaris aliniletea samaki mzima, mkubwa, kwenye sahani yenye kifuniko. Alikuwa akilia kidogo na kucheka kidogo. Akasema, "Baba Liz, asante kwa kutimiza ahadi."

Nilifurahi sana. Sijui kama nimewahi kuwa kifungua mimba vizuri hivi.

Ijumaa, 17 Machi

Yameota! Mstari wangu ndio wa kwanza shambani kwa Levis, umenyooka, kijani kibichi, unaonekana toka barabarani. Watu wanasimamisha baiskeli kutazama. Mzee mmoja kutoka Migori aliuliza nimelima kwa kitu gani. Nikamwambia kwa punda, kwa Mbinu ya Asubuhi Moja. Akaondoka akitikisa kichwa kwa mshangao.

Mama ameamua mahindi ya mstari huo ni ya Damaris, kwa sababu yako kwake na alifukia kwa mguu wake. Nimekubali. Mvumbuzi hali kila alichovumbua.

Shamba langu lenyewe nalo limepandwa. Siku nilipokwenda Rangwe sokoni kueleza watu juu ya mbinu, Priscilla alimwita Levis, akaja na ng'ombe wake, wakamaliza kabla sijarudi. Nilimruhusu baadaye. Levis pia amekuwa akimvutisha Diwani lile gogo jepesi asubuhi, wanapotoka mtoni, na naona punda anaanza kuvuta vizuri sana. Mafuta ya Cephas huchukua muda kuingia kwenye damu.

Kesho ni Sabato. Jumapili nakwenda Awendo. Nimesikia Cephas ana mbinu mpya, ya fahali, na hiyo haichukui hata asubuhi nzima; unampulizia sikioni tu. Levis ana fahali mchanga anayemfundisha tangu Krismasi, kidogo kidogo, maskini. Nitamwonea huruma nimwonyeshe.

Nilitaka kumpelekea Cephas saa yetu ya ukutani. Haipo ukutani. Priscilla anasema hajui iliko, na alisema hivyo akiwa ameketi juu ya sanduku.

Si kitu. Baiskeli ipo.