Njia Arobaini za Kwenda Chemchemi

Jumatatu, 4 Machi
Dhuluma imebisha hodi kwetu. Jirani wa bibi, mwalimu mstaafu, ameziba kwa uzio njia ya kwenda chemchemi. Bibi anazunguka kilima kizima na ndoo kichwani. Baraza la bonde litasikiliza shauri Jumamosi. Asiye na ushahidi, njia aisahau. Nimeapa bwenini kwamba ushahidi nitauleta mimi. Wenzangu wamepiga makofi, isipokuwa mmoja aliyelala.

Jumatano, 6 Machi
Chumba cha ramani, maktaba ya chuo. Mkutubi amenitandazia ramani ya bonde letu, ya miaka tisini iliyopita. Njia! Si moja, arobaini, za rangi ya kahawia, zimekizunguka kilima kama nyuzi za kikapu. Baadhi zimeandikwa tarakimu: 1640, 1660, 1680. Kumbe mababu walichonga njia mpya kila baada ya miaka ishirini, bila kukosa. Nidhamu iliyoje. Nimezinakili zote. Msururu wa nukta nyeusi unaopanda kilimani nimeuacha. Uchafu wa wino.

Binamu yangu Dira, msomi wa jiografia, akauliza kama nimesoma ufunguo wa ramani. Nikamjibu kwamba mlango wa haki hauna kufuli. Akasema haya, mheshimiwa, akaketi kunakili yake. Wivu.

Jumamosi, 9 Machi
Nilihutubia dakika hamsini, kisha nikatundika ramani. Mwalimu akavaa miwani, akauliza kwa upole: njia hizi zisizopanda wala kushuka, mababu walikuwa wanakwenda wapi? Nikamjibu kwamba walikuwa wanasonga mbele. Baraza likaangua kicheko. Bibi akajifunika mtandio usoni, mabega yakitikisika.

Dira akasimama na nakala yake. Akaeleza kwamba mistari ile ni kontua, inaonyesha kimo cha ardhi, na tarakimu ni mita. Njia ni zile nukta, nazo zinapita katikati ya uzio. Mwalimu akazifuata kwa kidole, akakohoa, akakubali kuung'oa uzio jioni hiyohiyo.

Njiani bibi alinishika mkono. Akasema mume wake huyu kasoma mpaka kapitiliza, ila sauti anayo.

Jumapili, 10 Machi
Ushindi. Hotuba yangu ililainisha baraza. Dira alimalizia vijimambo vya kiufundi. Leo nimegundua zito zaidi: kileleni, ramani ina pembetatu yenye kitone. Kaburi la mfalme. Dira anadai ni nguzo ya wapimaji. Nimeshaazima majembe manne. Bibi ameahidi kuja kutazama, na kiti atabeba mwenyewe.